Siku Niliyompima Rukia Akiwa Amelala

Mmeniomba, ninyi walimu mnaonirithi, niwaachie mpango wa masomo. Mpango mnao tayari, umo kwenye kabati la bati, rafu ya pili, chini ya mfuko wa vizibo. Nitakachowaandikia hapa ni kile ambacho mpango hausemi, nacho ni hofu. Nimefundisha watoto wadogo uani kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na sikumbuki asubuhi hata moja ambayo sikuogopa kabla mtoto wa kwanza hajafika. Cheo sikupanda, kwa kuwa ngazi yenyewe haikuwapo. Malipo tuyaache. Nitasimulia mwanzo tu, miaka ile ya tisini, kwa sababu yaliyofuata yalikuwa yaleyale, ila watoto walizidi kuwa wengi na magoti yangu yakazidi kuwa mabovu.

Kwanza mjue kwamba sikusomea ualimu. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha nguo. Kazi yangu ilikuwa kupima: majora ya vitambaa yanaletwa, yanalazwa juu ya meza ndefu, napima, naandika, yanaondoka. Mitumba ilipoanza kumwagika mjini, watu wakaona suruali iliyokwisha kuvaliwa Ulaya ni bora kuliko kitenge kipya cha hapa. Kiwanda kikapunguza wafanyakazi, nami nikapunguzwa. Mwaka huohuo binti yangu Upendo alitimiza miaka saba. Nikampeleka kumwandikisha shule, nikaambiwa nafasi zimejaa, nimrudishe mwakani. Mwaka uliofuata wakasema vilevile. Siku zile hilo halikuwa jambo la ajabu. Mtaani kwetu Mwananyamala walikuwepo watoto wa miaka minane, hata tisa, waliokuwa wakishinda wanacheza mitaroni, na waliobahatika kupata nafasi walikaa chini sakafuni, wamebanana.

Basi nikaamua kumfundisha mwenyewe. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya Bi Tatu, Mzaramo wa hapahapa, mama mtu mzima mwenye vyumba sita na ua mpana wenye uzio wa makuti. Mie ni Mnyamwezi wa Tabora. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunisema jua likichomoza hadi likitua, na aliitumia ruhusa hiyo bila kubakiza. Aliponiona natandika mkeka uani na kumwaga maharage katikati, alisimama mlangoni na ufagio wake.

"We Mnyamwezi, mizigo imekushinda, sasa unawabebesha watoto maharage?"

"Wanajifunza kuhesabu, Bi Tatu."

"Wakimaliza kuhesabu mazima wanihesabie na yaliyobunguliwa."

Siku hiyo ya kwanza walikuwa wanne: Upendo, mdogo wake Daudi, na watoto wawili wa wapangaji wenzetu. Kila mmoja ahesabu maharage kumi. Nikajiona nimeweza. Nikageuka kuchota maji ya kunywa, niliporudi Daudi alikuwa na maharage tisa mkekani na la kumi puani. Nilijaribu kulitoa kwa kidole likazama zaidi. Nikambeba, nikatoka mbio hadi barabarani, miguu mitupu, napiga kelele za mtu aliyeibiwa.

Aliyenisimamisha ni mama mmoja mnene aliyetoka sokoni Tandale na kikapu chake. Hakuuliza kitu. Alikitua kikapu, akaziba kwa dole gumba tundu la pua lililo wazi, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa Daudi, akapuliza mara moja kwa nguvu. Harage likaruka pamoja na vingine visivyohitaji kutajwa. Akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Wewe ni nani yake?"

"Mama yake. Na mwalimu wake."

"Unamfundisha nini?"

"Kuhesabu."

"Basi kabla hujageuka, nawe uwe unahesabu."

Ndivyo nilivyomjua Mwalimu Felista, mstaafu wa darasa la kwanza, aliyefundisha watoto wadogo tangu mie mwenyewe ni mdogo. Alianza kuja kila Jumamosi. Yote mnayonisifia nimeyatoa kwake. Alikuwa akisema mtoto hajui kitu mpaka mkono wake umekishika, kisha anaongeza, "na atakachokishika atakitia mdomoni, puani, au jichoni kwa mwenzake." Alinifundisha kugawa daftari sehemu mbili. Kushoto naandika somo la kesho, kulia naandika litamuumiza nani na kwa njia gani. Kwangu upande wa kulia ulijaa kila siku, na wa kushoto ukabaki na mstari mmoja. Yeye aliona ni dalili njema. Kwa mwoga huenda kicheko, alisema, kwa shujaa huenda kilio.

Vifaa vyetu vilikuwa vya jikoni na vya mtaani. Vizibo vya soda tulivigonga kwa jiwe vikalala, ili kingo zisikate vidole, ndipo tukahesabia. Kwa kibaba na kopo tulijifunza ujazo: unga, mchanga, maji. Nusu na robo tulijifunza kwa maandazi, na somo hilo halikuwahi kukosa mtoro aliyerudi. Tulipokwenda sokoni Tandale kutazama mizani, nilifunga kanga mbili kuukuu zikawa kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake. Nilikuwa nikihesabu mafundo yenye mikono kila baada ya hatua ishirini. Wachuuzi walinicheka. Wapagazi walinipigia mbinja. Nilirudi nyumbani nimelowa jasho la mgongo, nikawahesabu tena mlangoni, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani peke yangu.

Hofu nyingine ilikuwa ya serikali. Sikuwa na kibali, sikuwa na cheti, na sikujua hata kama nilichokifanya kilikuwa na jina. Asubuhi moja alifika bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu ya kata. Bi Tatu alimkaribisha kwa sauti kubwa kiasi kwamba nilielewa sauti ile ilikuwa ya kunionya mie, si ya kumlaki yeye. Nikausukuma ubao wa kuandikia chini ya turubai. Watoto walikuwa wakitenga vitu vya aina mbili, mchele na chenga. Yule bwana akasimama mbele yao.

"Mnafanya nini?"

"Shikamoo," akasema Upendo. "Tunachagua mchele."

Akatazama watoto saba wakichagua sahani moja ya mchele. Akanigeukia, akasema watoto wa umri huu wanatakiwa shuleni. Nikasema ndiyo. Nilitamani kumwuliza shule ipi, ila sikuthubutu. Alipoondoka, Bi Tatu alicheka mpaka akakaa chini, mie nikaenda chooni kutapika.

Sasa nifike kwa Rukia, kwa kuwa ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Rukia alikuwa mjukuu wa Bi Tatu, miaka sita, mtoto wa binti yake wa pekee, Asha. Asha alikuwa akisafiri Rufiji kununua mchele na mikeka, anakaa huko wiki mbili tatu, anarudi kuuza. Akisafiri, Rukia ni wa bibi yake asubuhi na jioni, na wangu katikati. Alikuwa kibonge mfupi mwenye swali moja. Ukimwambia mbili na mbili ni nne, anakuuliza, "Nani kasema?" Ilibidi umpe vizibo aone mwenyewe. Akishaona anakubali, wala haulizi tena. Nilimpenda kwa hilo, na sitajifanya kwamba mwalimu hapendi mmoja kuliko wengine.

Somo lilikuwa la urefu. Tulianza kwa kusimama ukutani, kila mtoto nimwekee alama ya mkaa juu ya kichwa. Ikawa vurugu. Huyu anasimama kwa vidole, yule anavuta shingo, Rukia kapanda juu ya tofali na kanga ya bibi yake imefunika tofali. Wakaanza kusukumana. Nikakumbuka kiwandani: jora halidanganyi likilazwa. Nyuma ya nyumba palikuwa na mzigo wa fito za kujengea za Bi Tatu. Nikawalaza chali kwenye mkeka mmoja mmoja, miguu pamoja, mikono ubavuni, nikaweka ufito kutoka kisiginoni hadi utosini na kuukata hapohapo kwa panga dogo. Panga nililiandika upande wa kulia wa daftari kabla sijalishika. Nilikuwa nimeandika: panga, asiguse mtu. Nilijiona mwangalifu sana.

Kila mtoto akawa na ufito wa urefu wake. Tukaandika majina kwa mkaa, tukazipanga fito ukutani kutoka mfupi hadi mrefu. Hakuna aliyebisha. Hata Rukia, ambaye wake ulikuwa mfupi kuliko zote, hakuuliza nani kasema. Ninawaambia kweli, lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyokuwa nimefundisha mpaka siku ile. Nikawaruhusu waende nazo wakaonyeshe kwao.

Nilimsikia Rukia akikimbia ukumbini.

"Bibi! Bibi, ona urefu wangu!"

"Ufito wangu huo umeuiba wapi?"

"Sijauiba. Mwalimu kanilaza kwenye mkeka, kaninyoosha miguu, kanipima. Kaukata sawasawa na mie."

Kisha Bi Tatu akatoka uani, ufito mkononi, kanga ameivuta kichwani.

"Mwalimu."

Hakuniita Mnyamwezi. Hapo ningetakiwa kuelewa.

"Abee, Bi Tatu."

"Watoto hawa umewalaza chali?"

"Ndiyo. Wakisimama wananiibia."

"Ukawapima kwa ufito."

"Ndiyo, mama."

"Sie huku anayelazwa chali akapimwa kwa ufito ni mmoja tu," akasema polepole. "Na ufito wenyewe wanapelekewa wachimba kaburi."

Nilikuwa nimekaa Mwananyamala miaka sita. Nilikwenda misibani, nilikata vitunguu na akina mama, nilikaa jamvini. Lakini kipimo kinachukuliwa ndani, na wanaomwandaa marehemu, na mie si Mwislamu wala si ndugu, kwa hiyo sikuwahi kukiona. Hilo lingeweza kusamehewa. Lisilosameheka ni nililolifanya kisha. Nilicheka. Nilicheka kwa aibu, lakini kicheko hakina maandishi ya kusema kimetoka wapi.

"Ni somo tu, Bi Tatu. Ni hesabu."

"Hesabu," akasema. Akageuka na ufito wa Rukia, akaingia ndani.

Fito nyingine nilipita vyumbani kuziomba, nikazichoma jioni ileile. Ule mmoja alibaki nao. Siku mbili zilizofuata Bi Tatu alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya watoto wangu, akanishukuru nilipomtekea maji. Hakunitania hata neno. Mtani wako akianza kukuheshimu, ogopa. Nilikuwa napika nasikiliza mlango wake.

Siku ya tatu Rukia hakuja kwenye mkeka. Homa, nikaambiwa. Nikajiambia homa ni homa, mtaa mzima una mbu, nani asiyepata homa Mwananyamala wakati wa masika. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema. Siku ya nne, kama saa nane mchana, nilisikia Bi Tatu akilia jina la Mungu, na harufu nzito ikatoka chumbani kwake. Nikaijua. Ilikuwa kinyesi cha tembo kinachofukizwa kwa mtoto mwenye degedege.

Nikasimama mlangoni. Rukia alikuwa sakafuni kwenye mkeka, macho yamegeuka juu, mwili umekakamaa, povu kidogo pembeni ya mdomo. Moshi umejaa. Bi Tatu kampakata kichwa. Ufito ulikuwa umeegemezwa kwenye kona nyuma yake, jina la mkaa likisomeka.

"Hodi, Bi Tatu."

"Umekuja kuangalia kama kimetimia?"

Alikuwa anasema kipimo. Nikamwambia tumgeuze ubavu, tusimtie kitu mdomoni, tumpeleke hospitali sasa hivi, hata kwa miguu si mbali, nitambeba mie. Haya Mwalimu Felista alikuwa amenikaririsha.

"Degedege na sindano haviivi chungu kimoja," akasema. "Mtoto wa jirani hapo walimchoma, akakata roho palepale. Nimeshatuma mtu kwa mganga Tandale. Anakuja."

"Mama, hii ni malaria imepanda kichwani. Tukingoja atakufa."

"Nani kakiita kifo? Si wewe?"

Mjue nilichokuwa nakiwaza. Niliwaza kumpokonya mtoto na kukimbia. Kisha nikawaza: mtoto wa watu, nyumba ya watu, mie mpangaji wa kuja, nakimbia barabarani na mtoto niliyemchukulia kipimo cha kaburi, na akinikatikia mikononi? Niliuogopa mtaa. Nilimwogopa Asha, ambaye alikuwa Rufiji hajui lolote. Zaidi ya yote niliogopa kwamba kama nisingecheka siku ile, Bi Tatu angenisikiliza sasa. Alikuwa akinisikiliza kwa kila kitu. Watoto wote wa nyumba yake alinikabidhi mie. Kicheko kimoja ndicho kilichokuwa kimesimama kati ya Rukia na hospitali.

Nikapiga magoti.

"Bi Tatu, nimekosa. Nilicheka kwa ujinga. Niambie, kipimo kilichochukuliwa kwa makosa kinarudishwaje?"

Mwili wa Rukia ulikuwa umelegea, anapumua kwa kukoroma.

"Hakirudi mikono mitupu," akasema. "Aliyekichukua atoe chake."

Mpaka leo sijui kama hiyo ni mila au aliitunga palepale. Nimewauliza wazee wengi tangu hapo, hakuna aliyewahi kuisikia. Mie nililelewa kanisani, nimekariri Baba Yetu kabla sijajua kufunga vifungo, na nilikuwa nimewafundisha watoto mwaka mzima kwamba jambo ni lile unaloliona kwa macho na kulishika kwa mkono. Bi Tatu akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ufito mrefu. Akamhamishia Rukia kitandani, akauacha mkeka wazi.

Nikalala chali. Miguu pamoja, mikono ubavuni, kama nilivyowalaza wao. Dari ilikuwa ya magunia yenye madoa ya maji. Ufito ukagusa kisigino changu, baridi, na Bi Tatu akaanza kunong'ona maneno niliyoyajua kwa sauti tu, yale ya msibani.

Hapo hofu ikanishika kwa namna ambayo sijawahi kuipata tena. Sikumwaza Rukia. Nilimwaza Upendo akirudishwa Tabora kwa basi, na Daudi aliyekuwa bado anahitaji kusimamiwa akinawa. Nani atamzibia pua? Nikainuka. Nikainuka kwa viwiko hadi nusu, nikasema, "Bi Tatu, ngoja kwanza."

Hakunilazimisha. Alisimama na ufito wake, akangoja. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu anayejua atakachokifanya mwenzake. Nilikuwa nimeshavuta mguu mmoja niinuke.

Kitandani kisigino cha Rukia kikaanza kugonga ukuta. Ta, ta, ta, ta. Degedege lilikuwa limerudi.

Nikalala tena. Nikafumba macho. Ufito ulipita juu ya tumbo, kifua, uso, nikasikia kisu kikiukata karibu na kichwa changu. Kisha nikasikia mlio mwingine, mkavu: Bi Tatu ameuvunja ufito wa Rukia gotini, mara mbili, na kuvitia vipande kwenye moto wa kufukizia.

"Haya," akasema. "Mbebe."

Nilimbeba. Bi Tatu alikuja nyuma yangu, viatu hakuvaa, buibui kalishika mkononi. Tulipokezana njiani, na kila aliponipokea nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto kwa sauti, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililokumbuka kufanya. Hospitali walimpokea, wakampima damu, wakamtundikia dripu ya kwinini. Muuguzi aliuliza mama wa mtoto ni yupi. Bi Tatu akasema, "Andika sote."

Usiku wa pili Rukia alifumbua macho akaomba uji. Nilimwambia atapona. "Nani kasema?" akauliza, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyemeza mchanga. Bi Tatu alilia kwa mara ya kwanza. Mie sikulia, nilikuwa nahisi baridi mgongoni na nilikuwa na hakika kwamba zamu yangu imefika. Niliporudi nyumbani nilimeza klorokwini za dozi nzima bila kupima, nikajikuna siku tatu mchana na usiku kama mbwa mwenye viroboto. Homa yenyewe haikutokea.

Watoto walirudi mkekani wiki iliyofuata. Niliamua sitafundisha urefu tena maishani. Bi Tatu ndiye aliyekataa. Alileta kigoda chake, akakaa ukutani palipokuwa na alama za mkaa.

"Wapime," akasema, "ila wasimame. Maiti hasimami."

Ndiyo maana kwenye mpango wenu, somo la urefu, nimeandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto apimwe amesimama, na kwamba kabla ya somo lolote jipya mkae na bibi wa nyumba hiyo mumweleze mtakachokifanya, hatua kwa hatua, naye awaambie kwao jambo hilo hufanywa lini. Mmoja wenu aliniuliza kama hilo si kupoteza muda. Niulize tena ukiwa umelala kwenye ule mkeka.

Asha alirudi baada ya siku kumi. Siku hiyo niliiogopa kuliko siku ya bwana wa kata. Alingoja watoto waondoke, akaja uani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Mama kanambia yote. Kweli ulilala?"

"Nililala."

"Kwenye mkeka, ukanyoosha miguu?"

"Ndiyo, Asha."

"Na hukujua kama ni mila au mama kajitungia."

"Sikujua."

Alikuwa akizungusha upindo wa kanga kwenye kidole, anaufungua, anauzungusha tena.

"Nimewaza toka jana," akasema. "Mie ndo mama yake. Nimemzaa mie. Na najijua, mwalimu. Mie nisingelala."

Nikamwambia angelala, mzazi yeyote angelala. Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Akaushika mkono wangu, akauinamia, akaubusu, kama mtu anavyoubusu mkono wa mzee wake, ingawa tulikuwa rika moja. Nilimwacha aubusu. Sikumwambia kwamba niliinuka, na kwamba kisigino cha mwanawe kisingegonga ukuta, ningekuwa nimeshafika mlangoni.

Asha sasa anakaa Temeke. Miaka hii yote, kila Idi, ananiletea sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kawa, na kila Idi nimeipokea kwa mikono miwili.